Jina Lililomtangulia Maiti

Boti ya polisi iliingia kambi ya uwindaji ya Sullua, kaskazini ya mbali, saa nne na nusu asubuhi, wakati ambao mwezi wa Novemba hujidai kwamba kumekucha. Jua lilikuwa limeshawaaga watu wa ghuba ile tangu wiki iliyopita. Kilichobaki ni weupe hafifu uliokaa juu ya milima kwa saa nne hivi kila siku, halafu nao ukaenda zake. Iisaja, nahodha, alipunguza mwendo, akachomeka pondo majini, akalitoa na kuitazama ncha yake kwa uso wa mtu aliyeonja supu iliyochacha.

"Hii barafu ni ya jana," alisema. "Kesho hapapitiki. Inaluk, saa nane hujarudi, mimi naondoka. Sitanii."

"Utaniacha?"

"Nitakuacha na nitakuombea. Nina mke na mbwa kumi na wanne, wote hawajala."

Inspekta Inaluk Geisler alicheka kidogo, akaruka ufukweni na mkoba wake. Alimfahamu Iisaja miaka ishirini na hajawahi kumwona akimwacha mtu. Lakini barafu haikuwa na urafiki na yeyote, na mkuu wake mjini alishamwambia wazi kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Helikopta ilikuwa imezunguka siku tatu bila kuona kitu. Kesho faili la Kuupik Mathiassen lingefungwa kwa maneno ambayo Inaluk aliyachukia kuliko matusi: amepotea porini, yadhaniwa amekufa.

Kuupik alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwongozaji wa wageni katika kambi hii. Mama yake, Ane, alikuwa akija kituoni kila asubuhi na soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mwanawe akipatikana atakuwa ameloa miguu. Aliketi kwenye benchi mpaka jioni. Hakumruhusu mtu yeyote kumtaja mwanawe kama marehemu. Afisa mmoja kijana aliteleza ulimi, na Ane akamwinukia na mfuko wake wa soksi.

Inaluk hakuja kwa sababu ya soksi, ingawa zilimchoma moyo. Alikuja kwa sababu ya theluji. Maelezo ya mwenye kambi yalisema kwamba Kuupik aliondoka Jumatano ya tarehe thelathini Oktoba, alfajiri, kwa miguu, na bunduki yake, kupandisha bonde kutafuta umimmak, wale ng'ombe wa porini wenye manyoya yanayoburura chini. Theluji ilianguka Jumanne usiku kucha, ikakoma kabla ya alfajiri. Alhamisi, anga likiwa safi, rubani alipita juu ya bonde lote akaona nyayo za mbweha, nyayo za sungura, na hakuna hata unyayo mmoja wa mwanadamu. Hata mtu mwepesi namna gani, theluji mbichi humwandika.

Kambi yenyewe ilikuwa nyumba nne za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, tatu kati yake zimeshapigiwa misumari madirishani kwa sababu wageni walikwisha kuondoka tangu Septemba. Moshi ulitoka kwenye ile ya nne. Kando yake palikuwa na chanja la kukaushia nyama, na juu yake walining'inia sili wawili wazima. Kunguru walikuwa wanawadonoa macho, wakasogea kidogo tu Inaluk alipopita. Hatua thelathini kutoka hapo, chini ya mwamba, lilikuwapo ghala la nyama la mawe, la kale, lililojengwa na watu waliojua mbweha ni nani. Inaluk alisimama akatazama sili, akatazama ghala. Kisha akaendelea na safari yake mlangoni.

Mzee Jooruut Kreutzmann, mwenye kambi, alimkaribisha mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, kifua kipana, sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Mkewe, Bolette, alikuwa amekaa karibu na jiko akishona viatu vidogo vya ngozi ya sili, vidogo kiasi cha kuingia kiganjani. Hakuinua macho.

"Karibu, binti yangu. Umekuja na ubaridi wote wa ghuba," alisema Jooruut. "Keti. Kahawa ipo."

Alimimina mwenyewe. Inaluk aliona kwamba alitia kidole gumba ndani ya ukingo wa kikombe, na kahawa ilipomgusa ndipo akaacha kumimina.

"Mzee, nieleze tena ile Jumatano."

"Nimeshaeleza mara tatu."

"Mimi nina kichwa kigumu. Nieleze ya nne."

"Aliamka saa kumi na moja. Akanywa kahawa. Akachukua bunduki, akasema anapanda bonde, atarudi kabla ya giza. Hakurudi. Usiku nikapiga simu mjini."

"Ulimwona akiondoka?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Alielekea wapi?"

"Bondeni. Nimekwambia."

"Alipita kushoto ya mto au kulia?"

Jooruut alikunywa kahawa yake taratibu. "Kulikuwa na giza, binti. Mimi si bundi."

"Na mama Bolette, wewe ulimwona?"

Sindano ilisimama. "Nilikuwa nimelala," alisema Bolette, na sindano ikaanza tena.

"Kambi hii ina watu wangapi sasa?"

"Sisi wawili na Norsaq, mwendesha boti wetu," alisema Jooruut. Aliweka kikombe chini, akainama kuelekea kwa Inaluk kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo. "Ukitaka maoni yangu, na sipendi kumsema mtu, ungeanza na huyo. Septemba walipigana hapa mbele ya wageni. Walipigania mwanamke. Kuupik alimtoa jino. Norsaq alisema mbele ya watu wote kwamba atamlipa."

Inaluk aliandika, akashukuru, akatoka.

Norsaq alikuwa banda la nyuma, anafunga injini ya boti kwa turubai. Kijana wa miaka ishirini na tisa, mrefu, pengo moja mbele. Alipoiona sare alifuta mikono kwenye suruali mara mbili.

"Afande."

"Pengo lako hilo ni la Kuupik?"

"Ni lake. Na pua yake ile iliyopinda ilikuwa yangu. Tulishapatana, tukanywa kahawa. Muulize mtu yeyote."

"Nimeuliza. Wamesema uliapa kumlipa."

"Mtu akikutoa jino utamwambia asante?"

Inaluk aliomba kuona anapolala. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja, nguo zimetundikwa, harufu ya mafuta ya injini. Alipiga magoti, akapapasa chini ya godoro, kisha chini ya kitanda nyuma ya makopo ya rangi. Mkono wake ukakutana na chuma baridi. Alitoa bunduki iliyofungwa kwenye taulo. Kwenye kitako chake cha mti zilichongwa herufi mbili, K na M.

Norsaq alikaa kitandani bila kuambiwa.

"Niambie yote mara moja," alisema Inaluk. "Ukinipa kwa vipande nitakasirika."

"Aliniazima. Jumamosi ile, tarehe ishirini na sita. Mzee alinituma kibanda cha nje, kule mdomo wa ghuba, nikatoe nyavu kabla ya barafu. Bunduki yangu ilikuwa inakwama. Kuupik akasema chukua yangu, mimi nitakuwa na mzee, tutatumia ya mzee. Nikaenda. Nimekaa huko mpaka Jumatano na wavuvi wawili wa kijiji cha pili, wapo hai, waulize. Nilirudi Jumatano adhuhuri na sili wawili."

"Ukakuta nini?"

"Nikaambiwa Kuupik kapanda bonde alfajiri. Siku ya pili nikamsikia mzee anawaambia polisi kwenye simu kwamba kachukua bunduki yake. Na bunduki yake ninayo mimi. Afande, watu wote wanajua tulipigana. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningesema."

"Wewe una sare."

Inaluk aliifunga tena bunduki kwenye taulo. Alimwamini nusu, na nusu ile nyingine ingethibitishwa na wavuvi wawili. Ila jambo moja lilikuwa limeshasimama wima: Jooruut alisema ameiona bunduki ambayo siku hiyo haikuwapo.

"Sili wako kwa nini wako nje wanaliwa na kunguru, na ghala la mawe liko pale?"

"Mzee alinikataza. Alisema ghala limeshafungwa kwa majira ya baridi, lisiguswe." Norsaq alisita. "Na mimi nilishangaa. Halijawahi kufungwa kabla ya Krismasi."

Waliporudi nyumba ya mzee ilikuwa inakaribia saa sita. Bolette alikuwa ameweka mezani samaki mkavu na mafuta ya sili. Redio ndogo juu ya rafu ilikuwa inasoma salamu, kama inavyofanya kila adhuhuri katika nchi ile, kipindi ambacho hata wenye mafua hujizuia kukohoa. Mtangazaji alimpongeza mzee mmoja aliyetimiza miaka themanini, akawapongeza wanandoa, kisha akasoma kwa sauti yake ile ile ya upole:

"Salamu kwa bibi Bolette, kambini Sullua, kutoka kwa bintiye Paarma na mgeni wetu aliyezaliwa Jumatatu ya tarehe ishirini na nane. Mama, asante kwa jina ulilotupa asubuhi ile ile. Kuupik mdogo ananyonya vizuri. Ni msichana lakini ana nguvu za dume. Akilia tukimwita jina lake, ananyamaza."

Jooruut aliunyoosha mkono kuelekea kwenye redio, akaukosa ukingo wa rafu, akaupata, akaizima. Norsaq alikuwa na kipande cha samaki mkononi na hakukipeleka mdomoni.

Pwani ile hakuna anayehitaji kufundishwa jambo hili. Jina haliachwi likizurura. Mwenye jina akifa, hupewa mtoto anayefuata kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike, na mtoto yule huwa ndiye yeye, mwenye watu wake wote. Inaluk mwenyewe alipewa jina la bibi yake, na baba yake alimwita mama mpaka siku anakufa. Lakini jina la mtu aliye hai, anayeamka asubuhi na kunywa kahawa, mtoto hapewi. Ni sawa na kumvua mtu koti ungali unaongea naye.

"Jumatatu," alisema Inaluk. "Na Kuupik aliondoka Jumatano."

"Ni jina la mjomba wangu," alisema Bolette haraka. "Ndugu wa mama yangu. Alikuwa Kuupik naye. Kila mtu kwetu anajua."

"Kweli," alisema Jooruut. "Mjomba wake. Alikufa zamani."

"Alikufa lini?"

"Sitini na nane," alisema Bolette.

"Na wajukuu wako wangapi mama?"

"Huyu wa nne."

"Watatu wa kwanza, hakuna aliyepewa jina la mjomba?"

Bolette aliisogeza sahani ya samaki. Inaluk alimtazama mumewe. "Mzee, naomba simu yako."

Simu ya setilaiti ilikuwa mezani kati ya vikombe. Inaluk aliishika, akafungua orodha ya namba zilizopigwa. Jumapili tarehe ishirini na saba, hakuna. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, hospitali ya mjini. Jumatano usiku, polisi. Alitoka nje kwenye baridi, akapiga ile ya hospitali, na kutoka hapo akapewa nyumba ya Paarma. Paarma mwenyewe aliitika kwa furaha ya mtu aliyesikia jina lake redioni.

"Pole kwa uchovu, na hongera," alisema Inaluk. "Nataka kujua jambo dogo. Mama yako alipokupa jina, alisema nini?"

"Alisema mwite Kuupik, jina la mjomba wake."

"Ni hilo tu?"

"Akauliza kama mtoto ana alama."

"Alama wapi?"

"Nyuma ya sikio la kulia, chini ya nywele. Nikatazama, na kweli ipo, nyekundu, kama kucha. Mama alilia sana. Nikajua ni furaha."

Inaluk aliugeuzia upepo mgongo. "Yule mjomba wa mama yako alikufa kwa nini, unajua?"

"Kifua. Alipelekwa Denmark kwa meli, akafia hospitalini kitandani. Kwa nini, afande? Kuna habari za yule mwingine, Kuupik wa kambini?"

"Nitakupigia baadaye. Mnyonyeshe mtoto."

Alibaki amesimama nje na simu mkononi. Wazee wote wa kwao hufanya hivyo: mtoto akipewa jina, hutazamwa mwilini kama amekuja na jeraha lililomwondoa yule wa kwanza. Mtu aliyekufa kwa kifua hatafutwi nyuma ya sikio. Bolette alijua mahali pa kutazama kwa sababu alikuwa ameshapaona.

Alimwita Norsaq. "Njoo tufungue ghala."

Mawe yalikuwa mazito na yamegandana. Norsaq alifanya kazi kwa nondo. Inaluk aliona kwamba baadhi ya mawe yalikuwa yamewekwa kichwa chini, ule ukoga mweusi wa juu umelala ndani na upande msafi umetazama mbingu. Mtu aliyeyapanga hakuyaona vizuri. Jiwe la nane lilipoondoka wakaona turubai la hema.

Kuupik Mathiassen alikuwa amelazwa vizuri. Uso wake umeoshwa, nywele zimechanwa, na miguuni alivaa viatu vipya vya ngozi vyenye mshono ule ule ambao Inaluk alikuwa ameuona asubuhi karibu na jiko. Norsaq alikaa chini kwenye theluji.

"Nimelala hatua thelathini kutoka kwake," alisema. "Siku tisa. Nimekwenda haja kando ya ghala hili."

"Usianze kujilaumu hapa. Nisaidie kugeuza kichwa, taratibu."

Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na bendeji. Inaluk alivaa glavu zake, akaifungua kidogo ukingoni. Ilikuwa na doa tu la damu iliyoganda. Chini yake palikuwa na nyingine, ya kitambaa tofauti, kipande cha shuka chenye maua. Chini ya hiyo, nyingine tena. Alizihesabu, tatu, akairudisha ya juu kama ilivyokuwa. Alipiga picha, akaandika saa: saba na dakika tano.

Jooruut alikuwa amesimama mlangoni walipofika. Alitazama upande wao, ila macho yake yalipita kidogo kushoto ya mahali walipo.

"Nani alikwambia una mtoto wa jicho?" aliuliza Inaluk.

Mzee alifikiri atakana. Uso wake ulionyesha mawazo yote. Kisha mabega yakashuka.

"Daktari wa hospitali kuu kule Nuuk. Mwaka jana. Yote mawili. Alisema nisishike bunduki mpaka nipasuliwe."

"Na hukupasuliwa."

"Foleni ni ya miaka miwili. Kambi hii ni mimi, inspekta. Wageni wanakuja kuwinda na Jooruut. Nani atakuja kuwinda na kipofu?"

"Jumapili mlikwenda wawili."

"Nilimwangusha umimmak mmoja, jioni. Kuupik alikwenda kumchuna. Mimi nikabaki nyuma. Nikaona kitu cha hudhurungi kinatikisika, nikajua ni wa pili anamnusa mwenzake." Alijipangusa mdomo. "Alikuwa ameinama. Koti lake lile la hudhurungi. Ilikuwa ajali. Mungu ananiona, ilikuwa ajali."

"Nakubali. Risasi ilikuwa ajali."

Inaluk aliingia ndani, akaketi mezani, akamngoja na yeye aketi. Bolette alikuwa pale pale karibu na jiko, mikono juu ya mapaja, viatu vidogo vimekamilika.

"Sasa nieleze bendeji," alisema Inaluk.

Jooruut alisugua macho yake.

"Bendeji ni tatu. Ya kwanza, ya ndani kabisa, imelowa mpaka nje. Ya pili imelowa nusu. Ya tatu ina doa tu. Maiti haongezewi bendeji, mzee. Maiti hatoki damu. Alikaa hai muda gani?"

"Alikuwa anakwenda," alisema Jooruut. "Hakuna ambaye angemsaidia."

"Sikuulizi hilo. Muda gani?"

Bolette ndiye aliyejibu. "Tulimfikisha hapa saa kumi na mbili jioni. Nilimlaza kitandani kwangu. Alikufa Jumatatu, saa moja asubuhi."

"Saa kumi na tatu," alisema Inaluk.

"Sikuzihesabu. Nilizikaa."

"Na simu?"

"Simu inakaa hapo mezani siku zote." Bolette aliongea polepole, akiyaokota maneno moja moja. "Nilimwambia Jooruut piga. Akasema wakija watauliza nani kapiga risasi, watanipima macho, watanifunga, tutakosa kambi. Akasema ngoja, analala vizuri, asubuhi nitapiga. Nikangoja. Nimekuwa mkewe miaka thelathini na minane, nimezoea kumngoja. Asubuhi ikaja. Nikashika simu mimi mwenyewe, na ameshakwisha. Nikampigia Paarma. Alikuwa amejifungua saa mbili asubuhi ile. Nilifikiri, angalau hili. Angalau asikae nje."

Norsaq alifungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake bila kishindo. Jooruut aliegemeza paji la uso kwenye ngumi zake mbili.

Inaluk aliandika maelezo, akayasoma kwa sauti, wakatia sahihi. Mzee aliweka sahihi yake nje ya mstari. Saa ilikuwa saba na nusu. Kutoka ufukweni Iisaja alipiga honi ya kwanza. Norsaq na nahodha walikuwa wameshamleta Kuupik kwenye boti juu ya kitelezi cha theluji.

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki, na Inaluk hakutaka Ane azipate habari kwenye gati, mbele ya watu. Alipiga kituoni, akaomba mwanamke wa kwenye benchi apewe simu. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Chumba kizima kilimsikia Ane akisema haloo.

"Mama Ane, ni Inaluk. Nimempata. Nakuja naye jioni hii."

"Ameloa?"

"Hapana, mama. Amekauka. Amefariki."

"Naam," alisema Ane. Kisha akasema tena, "Naam. Alikufa papo hapo?"

Inaluk alishasema uongo wa namna hiyo mara nyingi katika kazi yake, kwa huruma, na hakuna aliyewahi kumlaumu. Lakini maelezo yalikuwa mezani, yamesainiwa, na yangesomwa mahakamani mbele ya mama huyu. "Hapana. Alikaa mpaka asubuhi."

"Na nani?"

"Na Bolette, mke wa mwenye kambi. Yupo hapa."

"Nipe huyo."

Haikuwa utaratibu. Inaluk alimpa Bolette simu hata hivyo, na mwanamke yule aliishika kwa mikono miwili.

"Bolette," ilisema sauti. "Mwanangu alikuomba nini?"

"Maji."

"Ukampa?"

"Nilimpa. Kwa kijiko."

"Na nini tena?"

Bolette alifumba macho. "Aliuliza kama helikopta iko njiani."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia inakuja. Aliuliza mara nyingi. Kila mara nilimwambia inakuja."

Jooruut alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Redio nimeisikia," alisema Ane. "Wamempa mtoto wenu jina. Hapa kituoni wakaniambia ni mtu mwingine, nisijisumbue. Ni yeye?"

"Ni yeye, Ane. Nilifanya asikose nyumba. Ana alama yake, sikioni. Akiitwa ananyamaza kulia. Ni mwanao, utakuja kumshika wakati wowote, hatutakunyima—"

"Sikiliza. Jina hilo ni la mwanangu, na mimi sijalitoa. Nitampa mtoto nitakayemchagua, katika nyumba nitakayoichagua. Huyo wako mtafutieni mtu wa kwenu. Mwanangu halali kwako tena."

"Ane, ameshalizoea. Ana siku kumi na moja."

Simu ilikatwa kule mjini, bila kelele. Bolette aliendelea kuishika sikioni kwa muda, kisha akaiweka mezani, mahali pake.

Iisaja alipiga honi tena, mara mbili. Inaluk alikusanya karatasi zake mkobani. Jooruut aliinuka mwenyewe, akatafuta koti lake kwa kupapasa ukutani, na hakuna aliyemsaidia.

Bolette hakuinuka. Alimtazama inspekta kwa uso mtupu, kama mteja aliyefika dirishani akasahau alichofuata.

"Mtoto akilia leo usiku," aliuliza, "Paarma amwiteje?"

Inaluk alitoa koti la Bolette kwenye msumari, akalishika wazi nyuma yake, akangoja mpaka alipoingiza mkono wa kwanza, halafu wa pili.